Breki za Gari la Zamani: Kipuri Kuingia Si Kulingana

Dereva anayetoka Wundanyi kwenda Mwatate akiwa na pikapu iliyojaa kabichi, nyanya na abiria wawili mbele hana nafasi ya kubahatisha breki. Barabara inateremka mamia ya mita kwa kona za kufuatana, na upande mmoja ni bonde. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeshuka kutoka Werugha au Mgange kupeleka mazao sokoni. Katika barabara za aina hii, breki hutumika kwa dakika nyingi mfululizo, na kasoro ambayo haikuonekana kwenye tambarare ya Voi hujitokeza katikati ya mteremko.

Magari mengi yanayofanya kazi vijijini katika Kaunti ya Taita Taveta ni ya miaka mingi. Kuna Land Rover za Series III, Land Cruiser za miaka ya sabini na themanini, pikapu za Datsun na Peugeot, na Hilux ambazo zimebadilishwa injini zaidi ya mara moja. Wenye magari hayo wana sababu nzuri ya kutaka kuboresha breki. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Land Rover Series III, kwa mfano, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilikuwa na dramu mbele na nyuma. Land Rover One Ten iliyoingia sokoni 1983 ndiyo iliyokuja na diski mbele. Kwa hiyo mwenye gari anapopata diski na kalipa za mtumba kutoka gari jipya zaidi, huona amepata dawa.

Tatizo huanza dukani au kwenye gereji mtu anaposema, "Hii itaingia tu." Mara nyingi ni kweli kwamba kipuri kitaingia. Boliti zitakaza, paipu itafungwa, na gari litaondoka gereji likisimama vizuri kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Lakini kuingia ni jambo moja na kulingana ni jambo lingine. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, ili mwenye gari aweze kuzungumza na fundi wake akijua la kuuliza.

BREKI NI MFUMO MMOJA

Dereva anapokanyaga pedali, pedali husukuma fimbo, na fimbo husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi kwenye magurudumu. Kwenye gurudumu la dramu, mafuta huingia katika silinda ndogo inayotanua viatu vya breki. Kwenye gurudumu la diski, huingia katika kalipa, ambayo hubana diski kwa pedi mbili.

Mafuta ya breki hayabonyei. Presha inayotengenezwa kwenye masta hufika ikiwa sawa katika kila sehemu ya mkondo huo. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal ndiye aliyeeleza kanuni hiyo katika karne ya 17, na mpaka leo ndiyo msingi wa breki za magari, jeki za gereji na tipa za kubeba kokoto.

Kutokana na kanuni hiyo, nguvu inayofika kwenye gurudumu hutegemea ukubwa wa masta ukilinganishwa na ukubwa wa pistoni za gurudumu. Hakuna masta "nzuri" peke yake wala kalipa "kubwa" inayofaa kila gari. Kuna masta inayolingana na kalipa fulani, pedali fulani na busta fulani. Anayebadilisha upande mmoja bila kuangalia upande wa pili amebadilisha mfumo wote, hata kama hakugusa kitu kingine.

HESABU YA MASTA

Mafundi wengi huamini kwamba masta kubwa hutoa breki kali. Hesabu inaonyesha kinyume chake.

Chukulia dereva anakanyaga kwa nguvu ya kilo 30. Pedali ya gari lake inazidisha nguvu hiyo mara tano, kwa hiyo masta inasukumwa kwa kilo 150. Gari halina busta. Mbele kuna kalipa zenye pistoni moja ya kipenyo cha milimita 48, ambayo eneo lake ni sentimita 18.1 za mraba. Sasa tazama masta tatu ambazo hupatikana sana madukani.

Masta ya inchi 3/4, yaani milimita 19.05, ina eneo la sentimita 2.85 za mraba. Kilo 150 zikigawanywa kwa eneo hilo zinatoa presha ya takriban kilo 53 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya kalipa itasukuma pedi kwa nguvu ya takriban kilo 950.

Masta ya inchi 7/8, yaani milimita 22.2, ina eneo la sentimita 3.88 za mraba. Presha inashuka hadi takriban kilo 39, na nguvu kwenye pedi inakuwa takriban kilo 700.

Masta ya inchi 1, yaani milimita 25.4, ina eneo la sentimita 5.07 za mraba. Presha inashuka hadi takriban kilo 30, na nguvu kwenye pedi inabaki takriban kilo 535.

Mguu ni ule ule na kalipa ni zile zile. Kwa kutoka masta ya inchi 3/4 hadi ya inchi 1, dereva amepoteza zaidi ya asilimia 40 ya nguvu ya breki. Atahisi pedali ngumu kama jiwe na atadhani breki zimekuwa imara, kumbe ugumu huo unamwambia kwamba anafanya kazi kubwa kupata kidogo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba eneo hukua haraka kuliko kipenyo. Tofauti ya inchi 3/4 na 7/8 ni milimita tatu tu, ambazo jicho linaweza lisizitambue, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 36. Ndiyo maana masta haipimwi kwa kuangalia ukubwa wake wa nje. Ukubwa unaotakiwa ni kipenyo cha ndani, ambacho mara nyingi huandikwa ubavuni. Kama maandishi yamefutika, fundi apime kwa venia.

SAFARI YA PEDALI

Mtu anaweza kusema: basi, achukue masta ndogo kabisa apate nguvu nyingi. Hapo ndipo upande wa pili wa hesabu unapoingia. Masta ndogo husukuma mafuta kidogo kila inaposogea, na kalipa kubwa zinahitaji mafuta mengi.

Turudi kwenye mfano wetu. Chukulia kila pistoni ya kalipa inahitaji kusogea nusu milimita ili pedi zibane kabisa. Kalipa mbili zenye pistoni ya milimita 48 zitahitaji sentimita 1.8 za ujazo za mafuta. Kwa masta ya inchi 3/4, pistoni ya masta itasogea takriban milimita 6, na pedali itashuka takriban sentimita 3. Kwa masta ya inchi 1, pedali itashuka chini ya sentimita 2.

Sasa mwenye gari akiondoa kalipa hizo na kuweka nyingine zenye pistoni ya milimita 60, huku akibakiza masta ya inchi 3/4, pedali itashuka takriban sentimita 5 kwa ajili ya magurudumu ya mbele pekee. Ongeza safari inayohitajika kwa dramu za nyuma, ongeza pedi zilizoanza kulika, ongeza paipu na mipira inayotanuka kidogo kwa presha, na pedali inaweza kufika sakafuni kabla breki hazijashika vizuri.

Kwa hiyo masta inayofaa ni ile inayotoa presha ya kutosha kwa mguu wa kawaida na bado inaacha nafasi chini ya pedali. Kiwanda kilishafanya hesabu hiyo kwa gari lake. Njia salama zaidi kwa mwenye gari ni kuchukua masta, busta na kalipa zilizotoka kwenye modeli moja, kisha kuhakikisha kwamba uzito wa gari hilo na urefu wa mkono wa pedali yake unakaribiana na wa gari linaloboreshwa.

KUTOKA DRAMU KWENDA DISKI

Diski zina faida ya kweli katika mteremko. Hupoa haraka, hukauka upesi baada ya gari kupita kwenye maji, na hazina tabia ya dramu ya kutanuka ikipata moto hadi viatu vinalazimika kusafiri mbali zaidi kuifikia. Lakini diski haina msaada ambao dramu inao. Dramu inapozunguka hukivuta kiatu cha mbele na kukikaza zaidi, kwa hiyo breki hujisaidia yenyewe. Kwenye diski hakuna kitu cha namna hiyo. Nguvu yote ni lazima itoke kwenye mafuta.

Kwa sababu hiyo, gari linalowekewa diski bila busta mara nyingi humchosha dereva. Busta hutumia ombwe la injini, yaani ile hali ya injini kunyonya hewa, ili kuongeza nguvu ya mguu. Injini ya petroli ya kawaida hutengeneza ombwe hilo yenyewe. Injini ya dizeli haitengenezi la kutosha, na ndiyo maana magari mengi ya dizeli ya Japani yana pampu ndogo ya ombwe, mara nyingi ikiwa nyuma ya alteneta. Hapa Kenya ni jambo la kawaida kung'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Mwenye gari aliyefanya hivyo ahakikishe kwamba injini yake ina pampu hiyo na kwamba paipu ya ombwe imeunganishwa. Busta isiyo na ombwe ni mzigo tu.

Jambo la pili ni vali ya kubakiza presha. Masta nyingi za dramu zina vali ndogo mahali paipu inapotokea, ambayo huacha presha kidogo ndani ya paipu hata dereva akiachia pedali. Presha hiyo husaidia sili za silinda za dramu zisivute hewa. Kwenye diski, presha ya kiasi hicho huzifanya pedi ziendelee kugusa diski muda wote. Gari linakuwa zito, mafuta yanaisha haraka, diski zinapata moto, na mwishowe mafuta ya breki yanachemka. Fundi anayetumia masta ya zamani ya dramu kulisha kalipa ni lazima ajue kama vali hiyo imo, na kama imo, aiondoe kwenye mkondo wa diski.

Jambo la tatu ni tangi la mafuta ya breki. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa hutoka nje zaidi na kubaki huko, na nafasi iliyoachwa nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye tangi. Tangi dogo lililotengenezewa dramu linaweza kukauka kabla pedi hazijaisha, na hewa ikaingia kwenye masta.

Jambo la nne ni idadi ya mikondo. Baadhi ya magari ya zamani yana mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Masta ya mikondo miwili hugawa breki ili upande mmoja ukiharibika mwingine ubaki. Marekani iliifanya mikondo miwili kuwa lazima kwa magari madogo mapya kuanzia 1968. Mwenye gari la mkondo mmoja anayepanga kutumia pesa kwenye breki angefanya vyema kuanza na hilo, kabla hata ya kufikiria diski.

MBELE NA NYUMA ZISIGOMBANE

Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele. Magurudumu ya mbele hukandamizwa chini na ya nyuma huwa mepesi. Ndiyo maana breki za nyuma hutengenezwa ziwe dhaifu kidogo kuliko za mbele. Za nyuma zikishika kwanza na kugoma kuzunguka, sehemu ya nyuma ya gari hutaka kupita mbele, na gari huzunguka barabarani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye kona, kwenye lami yenye maji, na kwenye murram.

Kosa linalofanyika kwa urahisi ni la silinda za dramu za nyuma. Silinda ya inchi 3/4 imeharibika, duka lina ya inchi 7/8 ambayo boliti zake ni sawa, na inafungwa. Kwa presha ile ile, silinda hiyo mpya inasukuma viatu kwa nguvu zaidi kwa asilimia 36. Pikapu ikiwa na mzigo, huenda dereva asione tofauti. Siku itakaposhuka mteremko ikiwa tupu na mvua imenyesha, tofauti hiyo itaonekana. Hali huwa mbaya zaidi kama silinda hiyo imewekwa upande mmoja tu, kwa sababu gari litavuta.

Pikapu na magari mengi ya kubeba abiria yana vali ya kugawa nguvu iliyofungwa karibu na ekseli ya nyuma, ikiwa na mkono au springi inayoishika ekseli. Gari likibeba mzigo, sehemu ya nyuma hushuka, na vali huruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, hupunguza. Anayeinua gari kwa kuongeza majani ya springi hubadilisha kipimo cha vali hiyo bila kujua, kwa sababu vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Baadhi ya mafundi huiondoa kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Vali hiyo isiondolewe. Ipimwe upya, au ibadilishwe kwa ile inayolingana na breki mpya.

PAIPU, NYUZI NA MIPIRA

Paipu ya breki hufungwa kwa nati yenye nyuzi, na mdomo wa paipu hukaa ndani ya tundu lililochongwa kwa umbo maalumu. Magari mengi ya Japani hutumia nati ya milimita 10 yenye nyuzi zinazopishana kwa milimita 1. Magari ya zamani ya Uingereza yana nati nyingi za kipimo cha inchi, hasa ya inchi 3/8. Ya inchi 3/8 na ya milimita 10 hukaribiana kiasi kwamba moja inaweza kuanza kuingia kwenye tundu la nyingine. Fundi akilazimisha kwa spana, nyuzi zinalika, na muungano huo unaweza kufunguka siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu zote.

Mdomo wa paipu nao una aina mbili kuu. Kuna ule uliokunjwa ndani mara mbili, unaotumika sana kwenye magari ya Japani na Marekani, na kuna ule uliovimba kama kitunguu, unaoonekana zaidi kwenye magari ya Ulaya. Mdomo wa aina moja hauzibi vizuri kwenye tundu la aina nyingine. Ukivuja, suluhisho si kukaza zaidi wala kuzungushia utepe wa mafundi bomba. Suluhisho ni kutengeneza mdomo upya kwa chombo chake.

Paipu ziwe za chuma cha breki au za aloi ya shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Paipu ya shaba tupu ya friji haifai. Mipira ya breki ibadilishwe wakati wa kuweka kalipa mpya, na urefu wake ukaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande, na gari likiwa limeinuliwa magurudumu yakining'inia. Mpira uliovutika utakatika, na unaosugua tairi utatoboka.

MAFUTA YA BREKI

Chupa za mafuta ya breki huandikwa DOT 3, DOT 4, DOT 5 au DOT 5.1. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205, na ya DOT 4 kabla ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya maji kwa kiwango kinachotumika kupima, DOT 3 inaweza kuchemka kwa nyuzi 140 na DOT 4 kwa nyuzi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huenda chini bila breki kushika. Kwenye mteremko mrefu, hivyo ndivyo gari ambalo asubuhi lilikuwa na breki nzuri linavyozikosa mchana.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja na zinaweza kukutana bila kuharibu sili, ingawa kuzichanganya hushusha ubora wa ile iliyo bora. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Majina DOT 5 na DOT 5.1 yanafanana, kwa hiyo chupa isomwe vizuri. Mafuta ya injini, ya gia au ya pawa stering yasiingie kabisa kwenye breki. Hufanya sili za raba zivimbe na kulainika, na hata kiasi kidogo kinaweza kulazimu kubadilisha sili zote za gari. Vipuri vya ndani visioshwe kwa petroli wala dizeli. Vioshwe kwa mafuta safi ya breki.

KUFUNGA, KUTOA HEWA NA KUJARIBU

Kalipa zina upande wa kushoto na wa kulia. Zikibadilishana, boliti zinaweza kuingia bila shida, lakini nipeli ya kutolea hewa itakuwa chini badala ya juu. Hewa hukaa juu, kwa hiyo haitatoka kamwe, na fundi atablidi mchana kutwa huku pedali ikibaki laini. Nipeli ni lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa.

Kati ya busta na masta kuna fimbo fupi ya kusukuma. Ikiwa ndefu kupita kiasi, masta haitarudi nyuma kabisa na breki zitajikaza zenyewe gari linapopata moto. Ikiwa fupi mno, pedali itakuwa na safari tupu. Urefu wake hupimwa kabla ya kufunga.

Kwa kawaida hewa hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari la usukani wa kulia, ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mwisho mbele kulia, isipokuwa kama kitabu cha gari kinasema vingine. Viatu vya dramu virekebishwe kabla ya kuanza kazi hiyo.

Gari lisitoke gereji kabla ya majaribio haya. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara tano kisha ishikiliwe na injini iwashwe. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Pili, pedali ikanyagwe kwa nguvu kwa dakika nzima. Ikiendelea kuzama polepole, kuna mvujo, hata kama hakuna tone linaloonekana nje. Tatu, gari liinuliwe, breki ikanyagwe na kuachiwa, na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Lisilozunguka bado limeshikwa. Nne, gari lijaribiwe mahali tambarare pasipo watu, kwa kilomita 20 kwa saa na kuongeza taratibu, kabla ya kupelekwa mlimani. Baada ya siku chache, miungano yote ikaguliwe tena.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari bovu linalohatarisha watu kuendeshwa barabarani. Ukaguzi wa magari husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Mwenye gari aliyebadilisha breki anashauriwa kulipeleka kwa ukaguzi hata kama muda wake haujafika, kwa kuwa mashine ya kupima breki huonyesha nguvu ya kila gurudumu na tofauti ya kushoto na kulia, jambo ambalo mguu wa dereva hauwezi kupima. Pia aijulishe kampuni yake ya bima na kutunza risiti za vipuri na za kazi.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI KABLA YA KULIPA

1. Kipenyo cha ndani cha masta hii ni kipi, na cha zamani kilikuwa kipi?
2. Kipenyo cha pistoni za kalipa au silinda za gurudumu ni kipi, na pande zote mbili ni sawa?
3. Masta, busta na kalipa zimetoka kwenye modeli gani? Zote ni za modeli moja?
4. Injini hii ina ombwe la kutosha kwa busta?
5. Je, masta ina vali ya kubakiza presha kwenye mkondo wa diski?
6. Vali ya kugawa nguvu ya nyuma itafanywa nini?
7. Nyuzi na midomo ya paipu zinafanana na vipuri vipya?
8. Kama ni vipuri vya mtumba, sili za raba zitabadilishwa?
9. Rimu za gari zitapita juu ya kalipa mpya bila kugusa?
10. Ni mafuta gani ya breki yatatumika, na chupa itafunguliwa mbele ya mwenye gari?

Fundi anayeijua kazi yake hatachukia maswali haya, na mengi atayajibu kabla hajaulizwa. Anayejibu "itaingia tu" kwa maswali matatu mfululizo asipewe kazi hiyo.

Kwa mwenye gari ambaye hana pesa za kubadilisha mfumo wote, dramu za kiwandani zikiwa na viatu vipya, silinda za kipimo sahihi, mipira mipya na mafuta mapya ya DOT 4 ni salama kuliko diski zilizokusanywa kutoka magari matatu tofauti. Na hata breki zikiwa nzuri namna gani, mteremko wa Wundanyi hushukwa kwa gia ndogo, injini ikisaidia kulizuia gari, ili breki zibaki na nguvu zitakapohitajika kwenye kona.